Jinsi ya Kupata Nakala ya Hukumu ya Kesi ya Jinai Ukiwa Kigoma

Mtu akinijia hapa Kasulu na kuniambia "nataka rekodi ya jinai ya fulani", swali langu la kwanza ni: ya kazi gani? Mimi ni msaidizi wa kisheria, na nimejifunza kwamba ndani ya maneno hayo huwa kuna haja mbili zisizofanana.

Kuna anayetaka kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe hana doa, labda kwa sababu mwajiri amemdai karatasi au anasafiri kwenda kazini nje ya nchi. Huyo aende polisi kuomba cheti cha tabia njema. Atachukuliwa alama za vidole, na cheti kitatoka kwa jina lake. Hawezi kumwombea shemeji wala mpangaji wake. Majalada ya upelelezi na kumbukumbu za alama za vidole hazitolewi kwa kila anayepita kaunta.

Mwingine anataka kujua mahakama iliamua nini. Huyu nafasi yake ni kubwa zaidi, maana mahakama kwa kawaida hukaa hadharani na hukumu husomwa mbele za watu. Mwongozo huu ni wake. Ila ajue kwamba hakuna daftari moja la Mkoa wa Kigoma lenye orodha ya waliotiwa hatiani, kwamba utaje jina na karani afungue ukurasa. Mahakamani hutafuti mtu, unatafuta kesi.

Hatua ya 1: Pata namba ya kesi kabla hujapanda gari

Hapa ndipo nauli za watu zinapopotea. Mtu anatoka Uvinza au Buhigwe asubuhi na mapema, anafika masijala saa nne, anaulizwa namba ya kesi, anatoa karatasi ya RB. RB ni namba ya taarifa kituo cha polisi. Mahakamani haifungui jalada lolote. Namba ya kesi inasomeka mfano "Kesi ya Jinai Na. 47 ya mwaka 2019". Kesi zilizosajiliwa baada ya mfumo mpya wa kielektroniki wa mahakama zina namba ndefu yenye sifuri nyingi mbele. Inakili yote kama ilivyo, usirushe sifuri hata moja.

Karatasi yenye namba hiyo mara nyingi ipo nyumbani. Angalia hati ya mashtaka, karatasi za dhamana (mdhamini huwa na nakala yake), samansi ya shahidi, au risiti ya faini. Vijijini kwetu karatasi hizi hufungwa kwenye mfuko wa plastiki na kuchomekwa darini pamoja na kadi za kliniki, kwa hiyo muulize mama wa nyumba kabla ya kumuuliza baba. Kama mhusika yuko gerezani, ndugu aliyekwenda kumwona anaweza kuomba asomewe namba kutoka kwenye hati ya kifungo.

Kama huna ila RB, irudishe kituo kilekile ilikotoka, uombe uelezwe jalada lilipelekwa mahakama ipi na kesi ikapewa namba gani. Waendesha mashtaka wa wilaya nao huwa na kumbukumbu hizo.

Ukikosa kabisa, kusanya vitu vinne: majina kamili kama yalivyoandikwa kwenye mashtaka, kosa, mahakama, na mwaka, ikiwezekana na mwezi. Suala la majina lichukulie kwa uzito. Huku kwetu Bukuru na Butoyi ni majina ya mapacha, mmoja wa kwanza kuzaliwa na mwenzake wa pili. Ukisema "namtafuta Bukuru wa Heru Juu", umemtaja nusu ya kijiji. Halafu herufi r na l hubadilishana kufuatana na aliyeshika kalamu, na jina la babu laweza kukaa mahali pa jina la baba. Mimi huandika kwenye karatasi kila namna jina linavyoweza kuandikwa, nampa karani yote. Namwamkia kwanza, bila shaka. Karani anayepekua daftari la miaka mitano iliyopita anakufanyia kazi ya kuchosha.

Hatua ya 2: Jua ni mahakama ipi

Ugomvi wa kilabuni, wizi wa kuku au matusi huwa Mahakama ya Mwanzo. Ubakaji na unyang'anyi wa kutumia silaha, tafuta Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu, hata kama mtuhumiwa alianza kupandishwa mahakama ya wilaya. Wengi hukosea hapo: walimwona ndugu yao akifikishwa Kibondo, basi wanaidai hukumu Kibondo.

Hatua ya 3: Pekua kwenye simu kwanza

Tovuti ya TanzLII (tanzlii.org) ina maamuzi ya mahakama za Tanzania, na kuyasoma ni bure. Yaliyojaa zaidi ni ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Hukumu ya Mahakama ya Mwanzo ya kijijini kwenu usitarajie kuikuta humo. Lakini kesi ikishakwenda rufaa Mahakama Kuu, kuna uwezekano mzuri uamuzi ukawemo, na kurasa zake za mwanzo kwa kawaida husimulia kesi ilianzia wapi, kwa namba gani, na mshtakiwa alihukumiwa nini. Nimewahi kupata namba ya kesi ya wilaya kwa njia hiyo nikiwa nimekaa kibandani nasubiri mvua ipite.

Kuna mambo mawili ya kukumbuka unapotafuta. Kwenye kesi ya awali Jamhuri (yaani upande wa mashtaka) hutangulia na mshtakiwa hufuata, lakini kwenye rufaa ya mfungwa majina hugeuka, mfungwa anakaa mbele. Pili, maamuzi mengi ya ngazi hizo yameandikwa Kiingereza, ingawa sheria ilibadilishwa mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Kwa hiyo tafuta kwa jina la mtu na neno "Republic", usitumie "Jamhuri" peke yake.

Kwa kesi za zamani tazama pia Tabora. Kabla Kigoma haijapata masijala yake ya Mahakama Kuu, rufaa za huku zilikuwa zinapanda treni, kwa namna ya kusema, kwenda Tabora.

Hatua ya 4: Andika barua

Usiende kuomba kwa mdomo. Barua ikigongwa muhuri wa kupokelewa inakuwa ushahidi wako wa tarehe. Yangu huiandika kwa hakimu mfawidhi, yaani anayesimamia mahakama hiyo, na huwa fupi hivi:

Hakimu Mfawidhi,
Mahakama ya Wilaya,
KASULU.

YAH: MAOMBI YA NAKALA YA HUKUMU NA MWENENDO WA KESI YA JINAI NA. … YA MWAKA …, JAMHURI DHIDI YA …

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni (mshtakiwa / mlalamikaji / ndugu wa mshtakiwa) katika kesi tajwa, iliyotolewa hukumu tarehe … Naomba kupatiwa nakala zilizothibitishwa za hukumu na mwenendo wa shauri kwa ajili ya (rufaa / matumizi mengine, yataje). Nipo tayari kulipia gharama zinazotakiwa.

Kisha jina, saini, namba ya simu na tarehe. Toa nakala mbili: moja ibaki masijala, nyingine igongwe muhuri uondoke nayo.

Elewa tofauti ya vitu unavyoomba. Hukumu ni uamuzi na sababu zake. Mwenendo ni kila kilichosemwa na mashahidi siku kwa siku, na unaweza kuwa mnene mara tatu ya hukumu. Anayetaka tu kujua matokeo, hukumu inamtosha. Anayekwenda rufaa anahitaji vyote viwili. Kama wewe si mhusika wa kesi, eleza sababu yako kinagaubaga na usishangae ukiambiwa hakimu anataka kuiona barua kwanza.

Kwa mwenye rufaa, siku zinahesabika. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30. Kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu, taarifa ya nia ya kukata rufaa itolewe ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Katika hizo 45, muda uliotumika kusubiri nakala hauhesabiwi. Sasa umeona kwa nini nang'ang'ania muhuri wa kupokelewa? Aliyeomba kwa mdomo atathibitishaje alianza kusubiri lini? Aliyeko gerezani hutoa taarifa yake kupitia kwa mkuu wa gereza, asisubiri ndugu wapate nauli.

Hatua ya 5: Lipa kwa kontroo namba

Malipo ya serikali hupitia kontroo namba, yaani namba maalumu ya malipo. Unapewa, unalipa kwa simu, benki au kwa wakala, unatunza ujumbe. Fedha ya mkononi haina risiti.

Hatua ya 6: Kagua nakala kabla hujatoka mlangoni

Hili nililijua kwa kuumia. Nilipoanza kazi nilipokea hukumu ya kurasa 11 kutoka mahakama moja, nikaikunja ndani ya bahasha na kukimbilia gari la mwisho. Nyumbani nikakuta ukurasa wa 7 umetolewa mara mbili na wa 8 haumo. Huo wa 8 ndio uliokuwa na ushahidi wa daktari. Nilirudi, karani akaniuliza kwa nini sikukagua, na sikuwa na jibu.

Kwa hiyo simama pale kaunta, hesabu kurasa, angalia muhuri na saini ya uthibitisho, linganisha majina na tarehe.

Kisha nenda ukurasa wa mwisho na usome maneno ya uamuzi polepole. "Ametiwa hatiani" haina utata. "Ameachiwa huru" maana yake mashtaka yamemshinda mwendesha mashtaka. Lakini "ameachiwa" bila neno "huru", hasa pale mashtaka yalipoondolewa kabla ya utetezi, ni jambo jingine: mtu huyo anaweza kukamatwa tena kwa kosa lilelile. Nimeona familia ikichinja mbuzi kwa neno "ameachiwa", na wiki hiyohiyo kijana akarudishwa ndani kwa mashtaka mapya.

Hata ukikuta ametiwa hatiani, usiishie hapo. Rudi hatua ya 3 uangalie kama kulikuwa na rufaa. Hukumu ya wilaya unayoishika inaweza kuwa ilishatenguliwa Mahakama Kuu, na karatasi yako haitakuambia.

Kesi za watoto na zile zilizosikilizwa faraghani masharti yake ni magumu zaidi, na wewe usizipige picha kuzitupa kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, mchezo huo unaweza kukugharimu.

Ukiambiwa jalada halionekani

Usikubali jibu hilo na kuondoka. Uliza maswali mawili: je, liliitishwa na mahakama ya juu kwa ajili ya rufaa, na barua iliyolisindikiza ina tarehe gani? Mara nyingi jalada halijapotea, liko Kigoma mjini au Tabora. Ukipata kumbukumbu namba ya barua hiyo, andika upya maombi yako kwa Naibu Msajili wa mahakama lilikopelekwa, uambatanishe ile nakala yako yenye muhuri. Kama halikuitishwa popote, omba jibu hilo kwa maandishi kutoka kwa hakimu mfawidhi. Mara mbili nimeomba maandishi hayo, na mara zote mbili jalada lilionekana kabla barua haijachapwa.