Taulo la gorila kwa mtoto wa Bukavu

Asubuhi za Bukavu, upepo ukipanda kutoka Ziwa Kivu, mtoto akitoka kwenye beseni anatetemeka. Mshonee taulo lenye kofia. Mimi napenda la gorila, maana mbuga ya Kahuzi-Biega iko hapa karibu na watoto wanamjua. Gorila ana masikio madogo ya duara, basi usiyakate makubwa, atageuka panya.

Tafuta taulo la kuogea na dogo la mkono, vyote kahawia nzito. Fua kwanza vyote viwili: pamba hurudi, na ukishona kabla ya kufua kofia itajikunja vibaya.

Kata taulo dogo katikati, nusu moja ndiyo kofia. Ule upande wenye pindo la kiwandani ndio wa usoni. Ukunje kwa nje kama sentimita 12, chomeka masikio chini ya mkunjo, shona. Kisha kunja kofia katikati na ushone upande uliokatwa, huo ndio kisogo. Kingo zilizokatwa zipitishe mshono wa zigizaga, la sivyo nyuzi zitamwagika kila ukifua. Sindano ya cherehani namba 90 au 100 inatosha, urefu wa mshono milimita 3, na usivute kitambaa.

Kofia iende katikati ya upande mrefu wa taulo kubwa. Weka rinda moja hapo kwenye shingo. Bila rinda, taulo halikai mabegani.

Macho yatarizi kwa uzi. Vifungo usiweke kabisa, mtoto mdogo hung'oa na kumeza. Kamba ya shingoni pia usiweke.