Mwezi ukianza kuruka baada ya miaka 40: andika, hesabu, halafu uje

Mimi ni nesi hapa Mombasa na haipiti wiki bila mama wa miaka 43, 46 hivi kuingia, kufunga mlango na kuninong'oneza, sista, mwezi wangu umeharibika. Haujaharibika mamangu. Mara nyingi ndio safari ya kuelekea kukatika hedhi imeanza, inaitwa perimenopozi, na huchukua miaka, wengi kama 4, wengine hata 8. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba nikimuuliza mara ya mwisho uliona lini, ananiambia "juzi juzi tu". Kwa hiyo tuanze hapo.

Hatua ya 1: andika. Ile kalenda ya ukutani ya dukani inatosha, au daftari, au simu. Siku ya 1 ni ile damu yenyewe inapoanza, si matone ya kahawia ya kabla yake. Hesabu kutoka hapo hadi siku moja kabla ya damu nyingine kuanza. Wengi huhesabu kuanzia siku waliyooga josho la kumaliza hedhi, hapo hesabu yote inaenda upogo.

Mfano: umeona tarehe 3 Machi, ukaona tena 24 Machi, huo ni mzunguko wa siku 21. Kisha ukaona 23 Aprili, siku 30. Kisha 16 Mei, siku 23. Umeona inavyopanda na kushuka?

Andika pia damu imekaa siku ngapi na pedi ngapi kwa siku. Na kwa Waislamu wenzangu, kalenda hiyo hiyo itakusaidia kwenye sala na kulipa saumu, manake kwa madhehebu yetu ya Shafii hedhi haizidi siku 15, na ukienda kumuuliza ustadhi au ustadha kama hii ni hedhi au istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi, hawezi kukujibu bila tarehe.

Hatua ya 2: soma ulichoandika. Mwanzoni mwezi huwa unafupika, aliyekuwa na siku 28 anaanza kuona kwa 24 au 22, anasema naona mara mbili kwa mwezi. Ukiona mzunguko mmoja na unaofuata vinapishana siku 7 au zaidi, na ikajirudia tena na tena, hiyo ndiyo dalili kubwa. Baadaye ndio unaruka siku 60 na kuendelea, na hapo umeanza kukaribia mwisho.

Na kwa nini ukiruka miezi 2 ukija unakuja kama mfereji uliopasuka? Ni hivi. Yai lisipotoka, homoni ya projesteroni haitengenezwi ya kutosha, lakini homoni nyingine, estrojeni, inaendelea kujenga utando ndani ya mfuko wa uzazi, unanenepa na kunenepa bila wa kuuzuia, siku ukibomoka unabomoka wote.

Hatua ya 3: pima wingi, usizoee tu. Alikuja mama mmoja muuza viazi karai, amejifunga leso mbili chini ya buibui na ameweka pedi mbili, na alikuwa hivyo miezi 5 akijiambia ni uzee. Nilipomvuta kope la chini ndani palikuwa peupe kama karatasi. Damu ilikuwa imemuishia. Kwa hiyo pedi ikijaa kwa saa 1, ukabadilisha na nyingine ikajaa vile vile, au ukitoa mabonge makubwa kama sarafu ya shilingi 20, au siku zikipita 7, usingoje iishe. Ukiwa na kizunguzungu au moyo unakwenda mbio, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Hatua ya 4: pima mimba. Ndio, hata una miaka 47. Mwezi ukichelewa nunua kile kipimo cha mkojo duka la dawa. Mayai yamepungua lakini hayajaisha, na uzazi wa mpango usiuache kwa kudhani umeshafunga.

Hatua ya 5: njoo kliniki. Njoo pia ukiona damu katikati ya mwezi au baada ya kulala na mume, hiyo usiisingizie umri hata kidogo. Tutapima wingi wa damu, pengine ultrasaundi kuangalia fibroidi, yaani uvimbe wa mfuko wa uzazi, na shingo ya kizazi. Kipimo cha homoni ukishapita miaka 45 kwa kawaida hakina haja, leo kitasoma hivi, mwezi ujao vingine, ni pesa yako inapotea. Dawa za kupunguza damu zipo, si lazima kukatwa kizazi kama wanavyotishana mtaani.

Nyumbani kula maini, dagaa, kunde na mchicha, kamulia ndimu, na chai ingoje kama saa 1 baada ya chakula kwa sababu inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Joto la ghafla usiku nalo litakuja, wakati wa kaskazi hutajua ni mwili au ni Mombasa, basi liandike pia. Ukiamka shuka limelowa jasho na mwenzio pembeni amekauka, ni mwili.

Ukifikisha miezi 12 mfululizo bila damu, hapo ndio umekatika. Na baada ya hapo ukiona damu, hata tone moja kwenye chupi, njoo wiki hiyo hiyo, na kalenda yako mkononi.