Kupunguza Sukari Iliyojificha Katika Vyakula vya Kila Siku

Anayetaka kupunguza sukari kwa kawaida huanza na kikombe cha chai, na si vibaya kuanzia hapo. Lakini sukari ya chai huitia mwenyewe kwa kijiko na kuiona. Inayomponyoka ni ile iliyokwisha kutiwa kiwandani au katika jiko la mtu mwingine: ndani ya yogati, mkate wa slesi, sosi ya nyanya na, zaidi ya vyote, vinywaji.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unashauri sukari ya namna hii isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku nzima, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima anayehitaji kalori 2,000, kiwango cha kwanza ni gramu 50 na cha pili gramu 25, yaani vijiko sita hivi vya chai. Asali na juisi ya matunda, hata uliyoikamua nyumbani, zimo katika hesabu hiyo. Tunda zima na sukari ya asili ya maziwa hazimo.

Basi anza na vinywaji, kwa maana joto la Mombasa humfanya mtu anywe kila mara bila kuhesabu. Chupa moja ya soda ya kola ya nusu lita humaliza gramu 50 peke yake. Juisi ya ukwaju hudanganya zaidi, kwani ukali wake hufunika utamu, na mpaka inyweke vizuri huwa imemeza sukari nyingi. Ukinunua juisi ya kusagwa, mwambie muuzaji asitie sukari kabla hajawasha mashine, kwa sababu ikishatiwa haitoki. Kiu ikikushika pale Mama Ngina, bustani ya ufukweni mjini Mombasa, dafu linatosha: lina utamu wake mdogo wa asili, wala hakuna aliyeliongezea kitu.

Kwa vyakula vya pakiti, kazi yako ni kusoma lebo, na kuisoma vizuri. Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia; sukari ikiwa ya pili au ya tatu, ujue unanunua nini. Wakati mwingine hugawanywa katika majina kadhaa ili kila moja lishuke chini ya orodha: glukosi, dekstrosi, maltosi, sharubati ya mahindi, juisi iliyokolezwa. Kisha tazama safu ya gramu 100, si ya «kipimo kimoja», ambacho mwenye kiwanda hujipangia apendavyo. Tuseme kikopo cha yogati ya stroberi cha gramu 150 kimeandikwa gramu 13 za sukari kwa kila gramu 100. Jumla ni gramu 19 na nusu. Ondoa takriban 7 za maziwa yenyewe, zinabaki 12 na kidogo, sawa na vijiko vitatu. Maziwa lala yasiyotiwa kitu, ukiyakatia ndizi mbivu, yanakupa utamu bila vijiko hivyo, na kwa maoni yangu ni matamu kuliko hiyo stroberi.

Sosi ya nyanya nayo si ya kumiminia viazi ovyo: kijiko kimoja kikubwa kinakaribia kijiko cha chai cha sukari. Ndimu na pilipili hufanya kazi ileile.

Mahamri sisemi yaachwe. Punguza sukari unayotia kwenye unga kidogo kidogo kila unapokanda, na uongeze iliki. Hamira haihitaji sukari nyingi ili unga uumuke, na tui la nazi lina utamu wake. Yatakuwa meupe kidogo, hilo tu, na mbaazi za nazi hazilalamiki. Chai iende vivyo hivyo, nusu kijiko kila wiki mbili, maana ulimi huzoea. Mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa au insulini amwone daktari kwanza, kwa kuwa sukari ya damu inaweza kushuka mno.

Mwezi wa Ramadhani ndio mgumu, kwa sababu futari huja na vitamu vingi kwa mpigo. Hapo chagua kimoja: kama kaimati za shira zimo mezani, kinywaji kiwe maji, na tende, kwa kuwa ni tunda zima, zibaki palepale mezani.