Somo: Jeli ya mwani inayokaa bila kuharibika

Wapishi wengi wa jeli huambiana kwamba mwani unajihifadhi wenyewe. Si kweli, na nalitanguliza hili kwa sababu jeli hii tunapaka usoni, wengine wanawapaka watoto. Spinosamu, inayolimwa Paje na Jambiani, Zanzibar, tangu 1989, ni mwani mwekundu. Utajiri wake ni karajinani, nayo ni aina ya sukari. Ikikutana na maji, vimelea wameandaliwa karamu.

Florotanini, kemikali za asili zinazosifiwa kwa kuzuia bakteria, zimo kwenye mwani wa kahawia, kama sagasamu. Maabara huzitoa na kuzikoleza kwanza. Sufuria ya jikoni haifiki huko.

1. Osha gramu 10 za mwani mkavu mpaka maji yasiwe na chumvi ukiyaonja. Chagua ulioanikwa kwenye chanja. Wa mchangani hautakati. Loweka usiku kucha.

2. Chemsha kwa mililita 400 za maji, moto mdogo, mpaka ibaki nusu. Chuja ingali moto, maana ikipoa inaganda kitambaani.

3. Pima. Kwa gramu 200 za jeli tia gliserini gramu 10, sodiamu benzoati gramu 0.8 na potasiamu sobati gramu 0.4. Hizo mbili za mwisho ndizo vihifadhi, ziyeyushe kwanza kwenye maji kidogo yaliyochemshwa. Usikisie kwa kijiko, tafuta mizani ndogo.

4. Ikishakuwa vuguvugu, tia maji ya asidi ya sitriki tone kwa tone, ukipima kwa karatasi za pH (kipimo cha ukali wa asidi), mpaka ifike kati ya 4.5 na 5. Hapa ndipo kazi inapoharibika. Pasipo asidi ya kutosha benzoati imo tu, hailindi kitu. Na asidi ikiingia jeli ingali inachemka, karajinani inakatika na jeli inageuka maji.

5. Jaza chupa safi za pampu. Kopo la kuchovya vidole, hapana.

Maswali ya wanakikundi

Mwalimu, mimi natia mafuta ya karafuu. Hayatoshi?
Hayatoshi, dada. Hayachanganyiki na jeli, yanajitenga, na yakizidi yanaunguza ngozi.

Na vitamini E?
Inazuia mafuta yasichache. Bakteria haiwagusi.

Mbona sabuni yangu ya mwani inakaa miezi na miezi bila kutiwa chochote?
Sabuni ni kavu na ina ukali wa magadi, vimelea hawastahimili. Usiipimie jeli kwa sabuni.

Nikitaka kuuza?
Zanzibar nenda Wakala wa Chakula na Dawa. Bara nenda TBS, shirika la viwango. Kabla ya hapo weka chupa moja kabatini, nyingine kwenye friji, uzilinganishe kila wiki. Ikitoa maji, ikibadilika harufu au ikiota madoa, usikwangue juu ukabakiza chini. Mwaga yote.