Mlinzi wa usiku na mfagiaji wapateje mafao yao? Fanyeni hivi

Kama unasimamia walinzi, wafagiaji, wauza mafuta sheli au madereva hapa Tanzania, achana na imeili na matangazo ya kubandika ofisini. Mtu wa lindo la Mbagala, makao makuu anafika siku ya kuajiriwa na siku ya kuacha kazi, basi. Mafao yamfuate alipo.

Anza na supavaiza. Huyu ndo anapita malindoni kila siku na ndo anaulizwa maswali, sasa mfundishe yeye kwanza, jambo moja kwa wiki, aliseme dakika tano wakati shifti zinabadilishana, asubuhi na jioni zote maana ukiongea na wa mchana tu wa usiku wameshakosa. Wiki hii likizo, siku 28 kwa mwaka na mshahara unaingia, sio hisani ya bosi. Wiki ijayo ugonjwa, siku 126 ndani ya miezi 36, 63 za kwanza mshahara kamili zinazobaki nusu, ila cheti cha daktari lazima.

Wengi wana kiswaswadu kwahiyo tuma sms, wenye simujanja watumie voisi noti. Andika kama unavyoongea: "Mkeo akijifungua una siku 3 za likizo yenye malipo, zichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe." Kwa kina dada likizo ya uzazi ni siku 84, wakija mapacha 100, halafu akirudi kazini ana haki ya hadi saa 2 za kunyonyesha kila siku, na hii karibu hakuna anayeidai. Kaa nae mpange saa zenyewe, nani atashika eneo lake, la sivyo haki itabaki kwenye karatasi.

Sasa hapa kwa WCF ndo naomba muwe wakali kweli. Mfuko huu wa fidia kwa wanaoumia kazini anachangia mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti, lakini dada anateleza na ndoo ya maji kwenye ngazi anavunjika mkono anaenda kujitibu kwa hela ya kukopa kwa sababu hakuna aliyemwambia. Kila lindo na kila stoo ya mifagio iwe na karatasi moja ya maandishi makubwa: ukiumia kazini mwambie supavaiza siku hiyohiyo, taja saa, mahali na nani aliona, tunza kila karatasi ya hospitali. Kampuni inatakiwa itoe taarifa WCF ndani ya siku 7 na dai lenyewe lipelekwe ndani ya miezi 12. Supavaiza apige picha ya hizo karatasi azitume ofisini, majeruhi asipandishwe daladala kufuata fomu jamani.

NSSF, mfuko wa pensheni, iongelee siku ya mshahara, hapo kila mtu anasikiliza. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu ya huo mchango. Mpeleke ofisa malindoni na orodha, kila mtu aone kama michango yake inafika na kama jina linafanana na la NIDA, maana Juma wa huku akiwa Jumaa wa kule atasumbuka siku ya kudai.

Halafu wekeni namba moja ya simu inayopokelewa na mtu mpaka usiku, na daftari la nani kauliza nini. Asiyejibiwa ndani ya siku mbili, HR ampigie yeye.