Trekta kuukuu linakunywa maji? Anzia hapa

Ikiwa lile Massey Ferguson la kulimia mpunga kule Cheju, Unguja, kila jioni linataka maji, usikimbilie rejeta mpya, ile ya kupozea maji ya injini. Liache lipoe kabisa kwanza, mfuniko ukifunguliwa wa moto maji yanakurukia usoni. Likishapoa jaza maji, washa, kisha pita na tochi kwenye hozi, ile mipira ya maji ya juu na ya chini, na klipu zake, mara nyingi tatizo lipo hapo hapo na dawa yake rahisi, hozi ikivimba au ikipasuka badilisha tu. Halafu zima, chungulia chini ya wota pampu, ile inayosukuma maji kwenye injini, pana kitundu kidogo, kikitona ujue sili ya ndani ya kuzuia maji imekufa, na usikizibe ati, utaua beringi. Rejeta ikitoboka mpe fundi wa kulehemu.

Nje kukavu lakini maji yanapungua? Chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa basi shuku gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake cha juu, hapo usiliwashe tena mpaka hedi ishushwe, ipimwe kama imepinda, na wakati wa kurudisha nati zikazwe kidogo kidogo kuanzia katikati kwenda nje. Maji ya kisima cha pwani usitie, chumvi inakula vyuma, bora ya mvua uchanganye na kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta.