Namna ya kupima hatari za kiusalama za tabianchi na kujenga ustahimilivu

Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilijadili mabadiliko ya tabianchi kwa mara ya kwanza mwezi Aprili 2007, lakini kazi ya kuzuia madhara yake hufanywa mbali na huko, katika kamati za maafa na za usalama za ngazi ya chini. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kamati hizo.

Msianze na makadirio ya nyuzi joto. Tandazeni ramani ya eneo lenu na mfuatilie njia ambayo tukio moja linaweza kupitia hadi kufikia vurugu: mvua zikikosekana misimu miwili mfululizo, ni nani atakayekosa maji kwanza, atahamia wapi, atakutana na nani huko, na wakigombana watapeleka wapi malalamiko yao? Swali hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa ukame peke yake ni nadra kuzaa mapigano. Huyachochea pale unapokuta uhasama wa zamani na viongozi wasioaminika.

Historia ya Bangladesh inathibitisha hilo. Kimbunga cha Bhola cha Novemba 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000 katika iliyokuwa Pakistan ya Mashariki, na hasira ya wananchi kwa serikali iliyochelewa kuwasaidia ilizidisha mgogoro ulioishia katika vita vya 1971, vilivyoifanya Bangladesh kuwa nchi huru. Mpango wa kujiandaa na vimbunga ulioanza mwaka 1972, unaotegemea watu wa kujitolea vijijini na majengo imara ya kujihifadhi, umepunguza vifo kwa kiasi kikubwa mno, ingawa vimbunga vikali havijakoma.

Kwa hiyo, ifungeni kila tahadhari ya mapema na uamuzi. Andikeni kabla ya msimu ni kiwango gani cha mvua au cha kina cha mto kitakachowafanya mchukue hatua, nani ana mamlaka ya kuamuru watu wahame, na fedha zitatoka fungu gani, maana fedha zinazoombwa baada ya mafuriko huwakuta watu wamekwisha kupoteza kila kitu.

Mapatano ya kugawana maji na malisho yafikiwe wakati wa neema, wenyeji na wahamaji wakiwa wameketi pamoja, wanawake wakiwemo, kwani mara nyingi wao ndio wanaoteka maji na kuona ugomvi ukianza.

Kabla ya kuchimba kisima au kujenga tuta, chunguzeni ni nani atakayeumia: kisima kilichowekwa upande wa kundi moja tu kinaweza kuleta mapigano kiliyokusudiwa kuyazuia, na tuta linalookoa mtaa mmoja huweza kusukumia maji mtaa wa pili. Kila tukio likipita, linganisheni mlichoandika na kilichotokea, kisha mrekebishe viwango kabla ya msimu unaofuata.